Suruali Nyekundu ya Mwaka Themanini na Sita

"Redio yangu!" alifoka Breki. "Sitaki ndevu, sitaki poda, sitaki spiriti. Nataka redio yangu!"

Alikuwa kwenye kiti cha mjukuu wangu, kile cha kuzunguka, shuka limefungwa shingoni. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeshanyolewa, unang'aa kama sahani ya wageni. Wa kushoto bado ulikuwa na povu na ndevu zake zote. Mtu wa namna hiyo akikasirika hujui uogope upande upi.

"Kaka Breki, tulia nimalizie," alisema mjukuu wangu, wembe mkononi.

"Usinisogelee! Mwizi ameshika wembe, halafu mimi nimtolee shingo?"

"Mimi si mwizi."

"Si umesema mwenyewe? Watu wote humu wamesikia. Bi Mkubwa, hukusikia?"

Bi Mkubwa ndiye mimi. Nikamwambia kwamba siku za Jumamosi masikio yangu hayafanyi kazi. Uongo mtupu. Masikio yangu haya husikia jirani akifunika sufuria, nikajua na kilichomo.

Breki ni dereva wa basi aliyestaafu. Jina hilo alipewa kwa sababu breki alikuwa hazikanyagi. Abiria wake walikuwa wakishuka wamesali dini zote, na wengine waliapa kurudi kwa miguu. Siku hizi hana basi, ana hasira tu, na hizo nazo hazina breki.

Chanzo cha ugomvi ni televisheni. Kuna mchezo unaitwa Upande B. Ijumaa jioni kila mtu anautazama kwake, na Jumamosi mchana mashabiki wanakuja kuuchambua kwenye chumba cha kunyolea cha mjukuu wangu utadhani wanagawana mirathi. Mimi huenda kukaa pale kwenye benchi la wateja. Sina nywele za kunyoa, hizi zilizobaki ninazitunza. Naenda kusikiliza watu wanavyodanganyana, maana kwa kazi hiyo mimi ni fundi, na fundi hupenda kuangalia wanagenzi wanavyoharibu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mwaka themanini na sita, kwenye bweni la wasichana wanaosomea uuguzi, kuna redio kaseti. Ukiweka kanda upande A, unasikia muziki wa dansi. Ukigeuza upande B, wanaongea waliokufa, tena hawaongei upuuzi, wanataja nani kawaua. Kila wiki msichana mmoja anaambiwa asigeuze kanda, na kila wiki anageuza. Nikauliza, hao wasichana wote wanaojua kuchoma watu sindano, hakuna hata mmoja anayejua kuchomoa waya ukutani?

"Bibi, ilikuwa inatumia betri," alinijibu Muuguzi, kanuna kama nimemtukania shangazi.

Muuguzi huyu ni binti wa zahanati ya jirani, huja na sare yake wakati wa mapumziko. Alizaliwa watu wameshaanza kutembea na simu mfukoni, lakini ukimsikia anavyolilia miaka ya themanini utadhani aliachika nayo. "Enzi zile watu walikuwa na utu, Bibi. Walikuwa na subira." Subira! Nikamwambia mimi nilipanga foleni ya sabuni ndefu mpaka mwanangu akachumbiwa na mtoto wa aliyekuwa nyuma yangu, na tulipofika dirishani tulikuwa wakwe, na sabuni imekwisha. Binti akaandika kwenye simu yake kwamba zamani foleni zilijenga undugu. Kuna watu huwezi kuwasaidia.

Sasa mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu wa pili. Mama yake alipata kazi mji mwingine, akaniachia alipoacha kunyonya tu, nikamlea kitandani kwangu. Alikuwa hapati usingizi. Wenzangu waliwapa wajukuu zao hadithi za sungura na fisi. Mimi nilimpa ukumbi wa ushirika na madansi yake. Nilimwambia kuhusu redio kaseti iliyokuwa kubwa kama kabati, ikipanda basi inakatiwa tiketi yake na kukaa dirishani. Nilimwambia kuhusu usiku umeme ulipokatika, watu wakaendelea kucheza gizani, na uliporudi kila mtu akajikuta kakumbatia mke wa mwenzake, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mpiga ngoma, aliyekuwa kakumbatia ngoma ileile. Na nilimwambia kuhusu kijana mmoja mtanashati, suruali nyekundu, nywele za mawimbi zinazodondosha mafuta, redio begani, ambaye akiingia ukumbini wasichana wanasahau majina ya baba zao.

Mtoto akasikiliza, akalala, akakua.

Shule haikumpenda, naye hakuilazimisha. Akaenda kujifunza kunyoa kwa mzee mmoja aliyekuwa akitetemeka mikono. Ndiyo maana mjukuu wangu ananyoa vizuri: alifundishwa kwa kurekebisha makosa. Alipofungua chumba chake mwenyewe alikuwa na kioo kimoja, mashine moja, na picha ya vichwa ukutani ambavyo hakuna mteja anayefanana na hata kimoja. Halafu mvi zikamvamia. Za kurithi hizo, upande wa baba yake, wale wanazaliwa wazee kabisa. Kila Jumapili akawa anajipaka piko, na kila Jumatatu ana kichwa cheusi, paji jeusi na masikio meusi, kama aliyechungulia bomba la moshi.

Mambo yalibadilika siku Mama Vitabu alipoingia kupunguzwa nywele za kisogoni. Huyu ni mjane, ana duka la vitabu vya shule vilivyokwisha tumika, mkabala na pale. Mwanamke wa haja, anatembea kama anapita mbele ya majaji. Televisheni ilikuwa ikirudia Upande B, pakaonyeshwa dansi. Mama Vitabu akasema, kama anajisemea, "Jamani, kama ukumbi wa ushirika."

Mjukuu wangu akasema, "Nilikuwa nacheza pale."

Hakupanga. Mdomo ulienda peke yake. Mama Vitabu akakizungusha kiti kwa mguu, akamtazama uso kwa uso. Kijana hajawahi kutazamwa namna ile tangu atoke tumboni. Akaongezea habari ya umeme kukatika. Mama Vitabu akacheka mpaka akashika mkono wake. Jumapili hiyo piko lilikaa kwenye kopo. Baada ya muda kichwa chote kilikuwa cheupe, kama mtu aliyelala kwenye mashine ya kusaga, na mjukuu wangu, aliyezaliwa themanini na tano, akawa mtu wa makamo mwenye historia.

Mimi nilinyamaza. Niharibu hadithi zangu mwenyewe, na sasa zimepata mtu wa kuzivaa?

Kazi ngumu kwake ilikuwa salamu. Breki ni wa umri wa baba yake, lakini ilimbidi amwite kaka. Kila Breki akiingia, nilikuwa naiona shikamoo ikimpanda kooni, anaimeza, anatoa "Mambo vipi, kaka?" Breki naye anaitika, "Poa, mzee mwenzangu." Nikitaka kucheka nilikuwa najifanya nakohoa. Muuguzi akaniletea dawa ya kifua.

Basi mjukuu wangu akaposa. Mama Vitabu hakukubali wala hakukataa. Alimwambia mbele yangu, maana mimi huwa sifukuziki: "Nimezika mume. Tangu hapo wamenijia vijana, macho yao yote kwenye nyumba aliyoniachia. Sitaki mtoto wa kulea. Sitaki mtu ambaye nilishaanza kuvaa viatu virefu yeye bado anavalishwa nepi. Nataka mtu wa kukumbuka naye. Jumamosi nikifunga duka nitakuja na jibu."

Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo. Tangu asubuhi kijana anatazama mlangoni. Alimkata mteja mmoja nywele za upande mmoja mara mbili.

Na katika kichwa hicho kisichotulia ndipo Muuguzi alipoleta hoja yake. Kipindi cha jana yake kilikuwa na mzimu wa kijana mwenye suruali nyekundu. "Hapo wamekosea," alisema Muuguzi. "Enzi zile watu walijistahi. Nani angevaa suruali nyekundu?"

Mjukuu wangu akajibu huku anamnyoa Breki, "Mimi niliivaa. Mwaka huohuo themanini na sita, ukumbi wa ushirika. Suruali nyekundu, nywele za mawimbi, redio kaseti begani."

Breki alikuwa kafumba macho chini ya povu. Akayafumbua.

Kumbe mwaka themanini na sita, mlangoni mwa ukumbi wa ushirika, Breki aliweka redio kaseti yake chini afunge kamba ya kiatu. Alipoinuka, redio ilikuwa inakimbia barabarani juu ya bega la kijana mwenye suruali nyekundu. Alimfukuza mpaka darajani na kiatu kimoja. Hajamsahau.

Hapo ndipo tulipo.

"Breki," nilisema, nikiona mjukuu wangu anazama, "mwaka ule iliingia shehena moja tu ya kitambaa, nyekundu. Mji mzima ulivaa nyekundu. Ukisimama mlimani ukitazama sokoni, unaona pilipili zinatembea. Utamshikaje mmoja?"

"Nywele za mawimbi je?"

"Nazo zilikuja kwenye shehena."

"Bi Mkubwa, usinichezee."

"Tena siku hiyo huyu alikuwa kalazwa hospitali," niliendelea. Nikishawaka huwa sizimiki. "Kang'atwa na mamba. Mamba mwenyewe alitoka kwenye karo la jikoni."

"Safi!" alisema Breki. "Kwa hiyo unakiri alikuwa mtu mzima wa kutosha kung'atwa na mamba!"

Nikaona nimemfunga kamba mtoto wangu kwa mikono yangu miwili. Muuguzi akaingia kati, macho yanamwaka. Alikuwa kafurahi kuliko siku zote nilizowahi kumwona.

"Subirini. Mbona jibu liko wazi? Kipindi cha nne, mzimu unavaa sura ya mtu aliye hai. Inawezekana kabisa aliyeiba si huyu, ni mzimu uliovaa sura yake."

"Mzimu unataka redio ya nini?" alifoka Breki.

"Ya kuongelea."

"Wewe binti, unachoma watu sindano na akili hizo?"

"Kaka Breki," alisema mjukuu wangu, "tuyaache. Ni zamani sana."

"Sawa, tuyaache. Lakini Mama Vitabu si anakuja leo? Mtaa mzima unajua anakuja. Akiingia hapo mlangoni nitamwambia neno moja tu: unayetaka kulala naye nyumba moja ni mwizi. Aamue mwenyewe."

Breki naye ana lake, nisimsingizie wema. Aliwahi kumpelekea Mama Vitabu papai zuri, akarudishiwa sahani na asante.

Niliona hesabu inapita usoni mwa mjukuu wangu. Akikana wizi, aeleze alikuwa wapi themanini na sita, na alikuwa mgongoni mwa mama yake. Akiukubali, atabaki mtu wa makamo, lakini mwizi. Nikamvuta shati.

"Mume wangu," nilimnong'oneza. Nimemwita hivyo tangu anatambaa, na kila mwanamke anayempenda ni mke mwenzangu. "Kubali wizi."

"Bibi!"

"Kubali. Mwizi wa zamani ana utamu wake. Wanawake humsamehe. Mtoto mchanga hasameheki, anasubiriwa akue."

Akafikiri. Akapangusa wembe kwenye taulo, akaukunja, akashusha pumzi.

"Haya," alisema. "Niliichukua. Ujana, kaka. Nisamehe."

Muuguzi akashika kifua kwa raha. Breki akasimama na shuka lake, povu likidondoka kwenye viatu.

"Ilikuwa rangi gani?"

"Nyeusi?"

"Ya fedha!"

"Usiku, kaka. Ilionekana nyeusi."

"Ilikuwa mchana!"

"Jua lilikuwa kali, likanitia giza machoni."

Nikajivunia kidogo. Damu yangu ile.

Breki alimsogelea. Nilidhani atampiga, nikatafuta kitu cha kumpiga nacho, nikapata brashi ya poda. Lakini hakupiga. Alishika mkono wa mjukuu wangu, ule wa wembe, akaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyekanyaga breki mara ya kwanza.

"Sikia, mzee mwenzangu. Redio kaa nayo. Uliuza, ulivunja, shauri yako. Ndani yake kulikuwa na kanda. Upande wa kwanza muziki. Upande wa pili nilimrekodi mama yangu. Alikuwa ananielekeza njia ya kwenda kwa mjomba, maana mimi nilikuwa napotea, dereva mzima. Ananielekeza, anacheka, ananitukana. Mwaka uleule akafa. Kanda uliitupa? Hata kama imekwaruzika. Hata kama imebaki kikohozi chake tu. Umeiweka wapi?"

Nikaelewa kwa nini mzee mzima, aliyewahi kugonga lori akalilaumu lori, anakaa kila Ijumaa jioni kutazama wasichana wa bweni wanavyogeuza kanda. Sisi tulikuwa tunatazama mizimu ya kuchezea. Yeye alikuwa anasubiri zamu yake. Hata Muuguzi alishusha simu, na hilo ni jambo la kuandikwa.

"Iko wapi, ndugu yangu?" aliuliza tena Breki. Uso nusu mzee, nusu povu.

Mjukuu wangu alinitazama. Nilishakuwa na hadithi ya kanda tayari mdomoni, nilishaificha ndani ya mto wa kulalia wa binti yangu, ningeweza kuitengenezea na safari ya miaka ishirini. Akanitikisia kichwa. Mara ya kwanza mtoto yule kunikatalia hadithi.

"Mzee wangu," alimwambia Breki. Si kaka tena. "Sina kanda. Sijawahi kuwa nayo. Usiendelee kuisubiri kwangu."

"Si umesema uliiba?"

"Nimesema uongo. Na suruali nyekundu ni uongo, na ukumbi ni uongo. Ni hadithi za bibi huyu, alizokuwa ananibembelezea usingizi." Alisema polepole. "Redio yako inaibiwa, mimi nilikuwa nanyonya. Nilikuwa sijaota hata magego."

Breki aliachia mkono. Akafungua mdomo, na nadhani alikuwa anatafuta tusi la kumfaa mtu mzima aliyegeuka mtoto mbele yake, maana matusi ya wawili hao hayalingani. Lakini hakuangalia tena upande wetu. Alikuwa anatazama mlangoni.

Sote tukageuka.

Mama Vitabu alikuwa kasimama kizingitini, pazia la shanga limemgawanyikia mabegani. Sijui alifika lini. Kajifunga kitambaa kipya, kajipaka wanja, kavaa viatu virefu. Mkononi ameshika kitu kwenye hanga, kimepigwa pasi mpaka ukingo wake unaweza kukata mkate, kimefunikwa nailoni ya fundi cherehani. Kilikuwa kinaonekana vizuri sana ndani ya nailoni ile. Suruali nyekundu, mpya, kipimo cha mjukuu wangu.

Jibu lake lilikuwa limeshonwa, jamani. Lilikuwa na mifuko na vifungo.

Muuguzi akaketi. Breki akavuta shuka akajifunika upande wa ndevu, kama aliyekutwa uchi. Mimi nikajikuta bado nimeshika brashi ya poda.

Mjukuu wangu alisimama wima, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nililijua lile neno linapotaka kutoka, nimeliona likimezwa pale Jumamosi zote hizo. Safari hii hakulimeza.

"Shikamoo," alimwambia.

Mama Vitabu, suruali mkononi, hakuitikia.